Dakika 42 za Barabara ya Uhuru: raha ya kwenda kazini kwa miguu inatoka wapi?

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba umekuja kazini kwa miguu, swali lake la kwanza litakuwa kama gari limeharibika, na akishajua kwamba huna gari, la pili litakuwa kama hali imekuwa mbaya kiasi hicho. Maswali yote mawili niliwahi kuulizwa ndani ya wiki moja, tena na watu wenye nia njema, mmoja wao akiwa dada wa mapokezi ambaye alifungua mkoba wake papo hapo akataka kunikopesha nauli. Nilipomjibu kwamba nauli ninayo na kwamba natembea kwa kupenda, alinitazama kama anayemtazama mtu anayeficha jambo. Sikumlaumu. Katika mji ambao maelfu ya watu hutembea kila asubuhi kwa sababu hawana namna nyingine, anayesema kwamba anatembea kwa raha anadaiwa maelezo, na makala haya ni jaribio la kulipa deni hilo.

Utata wenyewe unaanzia kwenye lugha. Neno "kutembea" limebeba starehe ndani yake: aliyekwenda Tanga kutembea hakwenda Tanga kwa miguu, bali alipanda basi akaenda kuona ndugu, akala, akalala na akarudi na kapu la machungwa, na tukisema fulani ni mtu wa kutembea tunamaanisha kwamba hatulii nyumbani. (Kuna na "kutembea na mtu", lakini hilo tuwaachie wengine.) Ikija safari ya kazini, tunaliweka neno hilo kando na kusema "kwenda kwa miguu" au, mtaani, "kupiga mguu", maneno ambayo hayana starehe yoyote ndani yake, yana umbali tu. Lugha inatambua shughuli mbili ambazo kwa macho ni moja, kwa kuwa zote ni hatua juu ya hatua. Kinachohitaji kufafanuliwa ni wakati gani kupiga mguu kunageuka kuwa kutembea.

Njia yangu haina makuu. Ninakaa Ilala, si mbali na Karume, na ofisi iko Posta. Naishika Barabara ya Uhuru, napita pembeni mwa Kariakoo, nakatiza Mnazi Mmoja, natokea kwenye Mnara wa Saa, kisha naifuata Samora mpaka kwenye Sanamu ya Askari. Ni takriban kilomita tatu na nusu, na kwa mwendo wa kawaida wa mtu mzima, ambao ni kama kilomita 5 kwa saa, hesabu inatoa dakika 42. Uzuri wa hesabu hiyo ni kwamba haibadiliki. Siku ya foleni ni dakika 42, na siku ya msafara wa kiongozi, magari yote yakiwa yamesimamishwa, ni dakika 42 vilevile. Nikisimama Mnazi Mmoja kusoma vichwa vya habari kwenye meza ya muuza magazeti zinakuwa 46, lakini hizo nne za ziada nimezitumia mwenyewe kwa hiari yangu.

Daladala ina hesabu nyingine. Njia ikiwa nyeupe inanifikisha Posta kwa dakika 15, na hapo hakuna mtu mwenye miguu anayeweza kushindana nayo. Lakini asubuhi magari yanayofika Karume yanatoka mbali na yameshajaa, konda amening'inia mlangoni, na abiria wajanja walishapanda mapema gari linaloelekea upande usio wao ili wageuze nalo na kurudi wakiwa wamekaa. Anayesubiri kituoni anaweza kupata gari la kwanza au la sita, na akishapanda anaweza kufika mara moja au akakaa kwenye foleni mpaka akajuta. Kwa hiyo safari ileile huchukua robo saa leo na saa nzima kesho.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wetu hulipima vibaya. Tunapolinganisha miguu na gari tunalinganisha wastani, na kwa wastani huenda gari likashinda. Lakini mtu anayetakiwa kuwa kazini saa 2 kamili hapangi siku yake kwa wastani. Anaipanga kwa kuiangalia siku mbaya, kwa sababu bosi hapokei wastani. Kama siku mbaya ni ya saa nzima, itambidi atoke nyumbani saa 1 kila siku, hata siku zile ambazo gari litamfikisha saa 1 na robo, akakae ofisini akiangalia wafagiaji wakimaliza kazi. Kwa maana hiyo safari yake ya dakika 15 inamgharimu dakika 60, na yangu ya dakika 42 inanigharimu 42. Miguu ni mizito ukilinganisha na injini, ila ni miaminifu, na uaminifu huo ndio unaoifanya safari iwe fupi.

Nadhani chimbuko la raha yote liko hapo. Ndani ya daladala muda wangu umo mikononi mwa dereva, konda, askari wa usalama barabarani na lori lililozimika mbele. Siwezi hata kuuita muda wa mapumziko, maana anayesubiri gari hatulii: shingo imenyooka, mkono uko kwenye mfuko wa simu, akili inahesabu dakika zilizobaki kabla ya kuitwa mchelewaji. Anayetembea ameshajua atafika saa ngapi tangu alipofunga geti. Wasiwasi ukishaondoka, zinabaki dakika ambazo katika siku nzima hazina mdai: si za mwajiri, si za nyumbani, si za simu. Mengine yote nitakayoyaeleza yanafanyika ndani ya nafasi hiyo.

Mwili nao una sehemu yake, na sehemu hiyo inashangaza kuliko tunavyofundishwa. Tumezoea kuita kutembea mazoezi, kana kwamba ni kazi ngumu yenye faida baadaye, ilhali ukiangalia namna mguu unavyofanya kazi utaona kwamba mwili umetengenezwa kukwepa gharama. Mguu unapokanyaga mbele na kunyooka, kiwiliwili kinapanda juu yake na kuvuka, mfano wa fimbo iliyosimamishwa wima inayoanza kuangukia mbele. Katika kupanda, mwendo unapungua na kuwekwa akiba kama kimo. Katika kushuka, kimo kinarudishwa kuwa mwendo. Ni kanuni ileile ya pendulamu ya saa ya ukutani, ila hapa imepinduliwa juu chini. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba katika mwendo unaofaa, hadi takriban theluthi mbili ya nishati ya hatua moja hurudishwa kwa njia hiyo ili itumike katika hatua inayofuata, misuli ikibaki kulipa kilichopungua.

Hiyo ndiyo sababu kila mtu ana mwendo wake ambao anauhisi kuwa sahihi bila kufundishwa. Ukienda taratibu kuliko huo, mabadilishano yanaharibika. Ukienda haraka sana, yanaharibika pia. Anayetaka ushahidi afuatane na mtoto wa miaka mitatu kutoka nyumbani mpaka dukani: umbali ni mfupi, mwendo ni wa kobe, na bado atarudi amechoka kuliko aliyekwenda kituoni mara mbili.

Kila asubuhi, kabla sijafika makutano ya Msimbazi, hunipita mama mmoja akiwa na ndoo ya mihogo ya kuchemsha kichwani, kanga ya pili ameikunja kuwa kata, mkono mmoja umeshika ukingo wa ndoo na mwingine unapunga. Hunipita mimi, mwenye begi la kompyuta tu mgongoni. Kwa muda mrefu nilidhani ni suala la mazoea na shida. Kumbe swali hilo liliwahi kupelekwa maabara. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa G. M. O. Maloiy na wenzake waliopima hewa iliyotumiwa na wanawake wa Kikuyu na wa Kijaluo nchini Kenya wakitembea na mizigo. Ilionekana kwamba mzigo usiozidi takriban asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya nishati. Walitumia kiasi kilekile kama wasio na kitu. Mwanajeshi mwenye mzigo mgongoni, kwa upande wake, analipa kwa kila kilo. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulieleza siri yake: wanawake hao, wakishabeba, hufanya yale mabadilishano ya kimo na mwendo kwa ustadi mkubwa zaidi kuliko wakiwa mikono mitupu. Ndoo ikizidi kiwango hicho gharama inaanza kupanda hata kwao, na sitaki mtu asome habari hii akadhani kuwa kubeba maji kilomita tano ni starehe. Ninachosema ni kwamba yule mama ananipita kwa sababu anajua kutembea kuliko mimi.

Kuhusu afya yamesemwa mengi, na humo ndimo mkanganyiko ulipo mwingi. Mfano wa kale na ulio karibu nasi zaidi unatoka London, ambako Jerry Morris na wenzake walichapisha mwaka 1953 matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Madereva, waliokaa kwenye kiti siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makonda, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima wakikusanya nauli, ingawa walitoka katika maisha yanayofanana. Sijui kama konda wetu wa kuning'inia mlangoni angehesabiwa, lakini somo lenyewe limethibitishwa mara nyingi tangu hapo: moyo unapenda mwili unaohama. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kwa wiki, na anayetembea dakika 42 kwa siku tano, kwenda tu bila kurudi, ameshatimiza 210 kabla ya kununua raba za mazoezi.

Hata hivyo, anayetembea ili apungue tumbo ajiandae kuvunjika moyo. Watafiti wakiongozwa na Herman Pontzer waliishi na Wahadzabe, watu wa kuwinda na kuokota matunda na mizizi, kule karibu na Ziwa Eyasi, na mwaka 2012 wakachapisha vipimo vya nishati ambayo miili yao hutumia kwa siku. Wanaume walikuwa wakitembea takriban kilomita 11 kila siku na wanawake karibu 6, na kila mtu alitarajia kwamba wangekutwa wanatumia nishati nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili, matumizi yalikutwa karibu sawa. Inaelekea kwamba mwili unaozoea kutembea hubana matumizi mahali pengine. Kutembea kunanufaisha moyo, sukari na usingizi, lakini mkanda wa suruali unategemea zaidi kilichomo sahanini. Mimi mwenyewe mkanda wangu umebaki kwenye tundu lilelile miaka minne.

Zile hatua 10,000 ambazo simu hutudai kila siku zisitunyime usingizi. Chanzo chake si daktari: mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na namba hiyo ikapendeza ikabaki.

Nirudi kwenye raha, maana afya ni faida, na faida si lazima iwe raha. Njia inayorudiwa kila siku ina tabia ya ajabu: kadiri unavyoijua ndivyo unavyozidi kuona. Wiki ya kwanza macho yote yalikuwa chini, kwenye mashimo, vyuma vilivyochomoza na pikipiki zinazopanda juu ya njia ya waenda kwa miguu. Baada ya mwezi miguu ilishajua yenyewe pa kukanyaga, na akili ikaachiwa nafasi, kama ya mtu anayesuka ukili, ambaye vidole vinafanya kazi na mdomo unaendelea na hadithi. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marily Oppezzo na Daniel Schwartz, walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huzalisha mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakikaa, hata wakitembea kwenye mashine ndani ya chumba kinachotazama ukuta. Sijawahi kupata wazo la maana sana kwenye Barabara ya Uhuru, lakini barua nyingi ngumu za kikazi zimeandikika kati ya Karume na Mnara wa Saa, na nilipofika mezani ilibaki kuzichapa tu.

Kinachoonekana ni vitu vidogo, tena vinavyobadilika polepole kiasi kwamba aliye ndani ya gari hana namna ya kuvijua. Miezi ya Novemba na Desemba miti ya mikrismasi inawaka maua mekundu, na baada ya mvua ya usiku njia nzima chini yake inakuwa zulia ambalo wafagiaji wanalisikitikia. Kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 na sasa wameuteka mji wote, wana zamu zao: saa 12 na nusu wako kwenye majalala, saa 1 wako juu ya nyaya wakibishana. Duka la vitambaa linalofunguliwa na kijana mwenye funguo nyingi lina kufuli saba, nimezihesabu, na kufuli la nne ndilo linalomsumbua siku zote. Harufu zina mpangilio wake pia: supu upande wa Kariakoo, mkaa na chapati zinazogeuzwa, kisha dizeli, kisha, ukishavuka Mnazi Mmoja na upepo ukiwa wa bahari, chumvi.

Njia yenyewe haikuzaliwa jana. Barabara ya Uhuru zamani iliitwa Mtaa wa Kichwele, na Samora ya leo iliwahi kuwa Acacia Avenue kisha Independence Avenue. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ninaoukatiza nikipiga miayo, wakati wa ukoloni wa Waingereza uliachwa wazi kama ukanda wa kutenganisha mji wa Wazungu na Wahindi upande wa baharini na makazi ya Waafrika ya upande wa Kariakoo na Ilala. Waliokuwa wakiuvuka asubuhi kwenda bandarini, kwenye maghala na jikoni mwa mabwana walikuwa wakitembea kwa sababu mji ulipangwa hivyo: wakae mbali kiasi cha kutoonekana, na karibu kiasi cha kufika kwa miguu. Mnara wa Saa ulijengwa mwaka 1961, Dar es Salaam ilipopata hadhi ya jiji, na yule Askari wa shaba ameinamisha singe yake kuelekea bandarini tangu mwaka 1927. Babu yangu alipita hapo bila viatu. Mimi nina jozi mbili za viatu, moja mguuni na nyingine ofisini chini ya meza, nayo ndiyo ya ngozi.

Hapa inabidi tuseme lile linalokwepwa na wengi wanaosifu kutembea. Raha yangu ina nauli mfukoni. Nauli ya daladala ya safari fupi ilipopandishwa kufika shilingi 600, hesabu ya kwenda na kurudi kwa siku 22 za kazi ikawa shilingi 26,400 kwa mwezi, na kwa anayelipwa kibarua cha kutwa fedha hiyo ni unga wa familia. Nairobi jambo hili liko wazi zaidi: takriban safari 4 kati ya kila 10 za jiji lile hufanywa kwa miguu, na anayesimama alfajiri kwenye barabara zinazoingia Industrial Area ataona mto wa watu wanaotoka mitaa ya mabanda ya Mukuru na Kibera, wakitembea kwa mwendo wa haraka na kwa mstari mrefu pembeni mwa magari yasiyokwenda. Nauli ya matatu haitabiriki. Mvua ikinyesha inapanda. Kwa hiyo wale watu nao wanatafuta kutabirika kama mimi, ila wao wanatafuta kutabirika kwa fedha. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usio wa magari, iliyoahidi kwamba sehemu ya fedha za barabara itengwe kwa ajili ya waendao kwa miguu na baiskeli, na hilo lilikuwa kukiri kwamba kwa miaka mingi barabara zilijengwa kwa ajili ya wachache.

Tofauti kati yangu na kijana wa Mukuru haiko kwenye hatua, iko kwenye uwezo wa kusema "leo sitembei". Nikiamka na mafua napanda gari. Jua likiwa kali jioni napanda gari. Kutembea kwangu ni kutembea kwa sababu kuna mlango wa kutokea, na mlango huo ukifungwa, mandhari yaleyale na kunguru walewale hawatatosha kukufanya uimbe. Tusiende mbali lakini tukadhani kwamba aliyelazimika hana raha yoyote. Waendao kwa makundi wana mazungumzo, utani na siasa ambazo hazipatikani ndani ya gari lenye redio ya dereva. Na mfanyakazi mwenzangu aliyekulia maisha hayo ananiambia kwamba alichokichukia si kutembea, bali kufika akiwa na vumbi mbele ya wenzake waliofika wasafi.

Kuna sharti jingine ambalo mwanamume husahau kulitaja. Dada mmoja wa ofisi ya jirani hutembea asubuhi kama mimi, lakini jioni hajawahi kurudi kwa miguu hata mara moja. Jua la Dar es Salaam huzama mapema mwaka mzima, na saa 1 na nusu usiku ni giza kamili. Wakwapuzi wa pikipiki, wale wanaoitwa vishandu, humchagua mwenye mkoba begani. Kwake yeye raha ya kutembea ina saa ya kufungwa, na taa ya barabarani iliyokufa inamfungia mapema zaidi. Yeyote anayetaka watu watembee zaidi angeanza na taa, kivuli na mifuniko ya mitaro, kabla ya kuanza na hotuba. Wakati wa masika mwaka juzi nilikanyaga maji niliyodhani ni dimbwi, kumbe ni mtaro usio na mfuniko, nikazama mpaka paja; nilitolewa na wapiga debe wawili ambao kila siku nilikuwa nakataa kupanda gari lao.

Jasho nalo ni hoja ya kweli, na linafaa kuelezwa kwa sababu wengi hulidhibiti upande usiofaa. Jasho halipozi mwili kwa kutoka. Linaupoza kwa kukauka. Pwani yetu, hasa kuanzia Januari hadi Machi, hewa ina unyevu mwingi na jasho halikauki upesi, kwa hiyo mwili unaendelea kulitoa. Wakati unatembea unajitengenezea upepo wako mwenyewe, na upepo huo unasaidia. Ukisimama unakatika ghafla, huku misuli ikiwa bado ya moto. Ndiyo maana mtu hufika getini akiwa mkavu na kuloa akiwa ndani ya lifti. Dawa niliyoigundua baada ya mashati mengi ni kupunguza mwendo kuanzia Mnara wa Saa, mita mia kadhaa za mwisho, upande wenye kivuli cha majengo, na kubadilisha shati baada ya dakika kumi za kukaa, si kabla. Jambo ambalo sijaligundulia dawa ni jua lenyewe: asubuhi naelekea mashariki na jioni naelekea magharibi, hivyo linanipiga usoni kwenda na kurudi, wakati jirani yangu anayefanya kazi Buguruni anapigwa mgongoni safari zote mbili.

Kabla ya Mnazi Mmoja kuna mzee anayeuza kahawa. Birika lake la shaba liko juu ya makaa, vikombe vidogo vimo ndani ya ndoo ya maji, na kashata ziko kwenye chupa ya plastiki. Kwa miaka minne nimemwamkia kila asubuhi ya kazi. Sijui jina lake, naye hajui langu. Salamu yetu ina maneno mawili tu na wakati mwingine inapita bila yeye kuinua macho kutoka kwenye makaa, na bado siku asipokuwepo nafika ofisini nikihisi nimesahau kitu. Mwezi uliopita niliugua, nikakaa nyumbani siku sita. Siku ya saba nilipita muda uleule, miguu ikiwa bado haina nguvu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Safari hii aliinua macho, akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye raba. "Wiki nzima hujapita."

"Nilikuwa na homa, mzee."

"Pole sana, mwanangu." Akachukua kikombe kutoka kwenye ndoo, akakikung'uta maji, akamimina bila kuniuliza. "Mie nikajua umeshanunua gari."